Kabla ya Kuitupa Draivu ya Flopi

Disketi ya inchi 3.5, ile ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha bati, inabeba baiti 1,474,560. Picha moja nzuri ya simu ya leo haienei humo. Lakini ikijazwa maandishi matupu, kila mtu akapewa mstari wa herufi mia moja, disketi hiyo hiyo inameza majina, umri, kijiji alikotoka na ukubwa wa familia za watu zaidi ya elfu kumi na nne.

Kwa nyanda za juu za Kigoma, hesabu hiyo ina uzito wake. Miaka ambayo disketi ilitawala ofisi za Tanzania ndiyo miaka ambayo Kasulu na Kibondo zilikuwa zikipokea wakimbizi kwa makumi ya maelfu. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 21, 1993, na wiki zilizofuata watu walivuka mpaka kwa miguu wakishukia vijiji vya mpakani, Munanila na Manyovu vikiwa miongoni mwa maeneo ya ukanda huo. Kambi ya Mtabila ilifunguliwa Kasulu mwaka huo. Nyarugusu ikafuata mwaka 1996, safari hii kwa Wakongo waliokimbia vita upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Kazi yote ya kambi huanza na orodha: nani amefika, na watoto wangapi, mgao wake ni kiasi gani, nani amepotezana na mzazi wake.

Wakimbizi hawakuwa peke yao kwenye kumbukumbu za miaka hiyo. Wakulima wa kahawa wa vilima vya Manyovu walikuwa na vyama vyao na mahesabu ya kilo na malipo. Parokia zilikuwa na ubatizo na ndoa, shule zilikuwa na mitihani. Kule ziwani, Mradi wa Utafiti wa Ziwa Tanganyika ulioendeshwa na FAO kwa msaada wa Finland ulianza mwaka 1992, ukikusanya takwimu za samaki na maji. Pale ambapo kompyuta ilikuwepo, njia ya kawaida ya kutoa kazi kwenye mashine moja na kuipeleka nyingine ilikuwa disketi mfukoni.

Anayeikuta disketi ya aina hiyo leo kwenye droo ya ofisi, huwa na bahati akipata na kompyuta kuukuu iliyoiandika. Anaipangusa vumbi, anaiwasha, anasukuma disketi ndani. Taa inawaka, mota inakwaruza, kisha maandishi kwenye skrini yanamwambia kwamba haisomeki. Wengi huishia hapo: draivu imekufa, disketi imekufa, vyote vitupwe.

Mara nyingi hakuna kilichokufa. Draivu ya flopi ni mashine nyepesi yenye sehemu chache, na hitilafu zake nyingi zinarudi kwenye mambo yale yale: umeme, waya, uchafu, grisi iliyokauka. Kinachoweza kufa kweli ni disketi, na mara nyingi inauawa na mtu aliyekuwa na haraka ya kuijaribu.

Mashine zilizochelewa kufika

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na zuio hilo halikuondoka mpaka miaka ya 1990. Hivyo ofisi nyingi za mikoani ziliruka kizazi kizima cha mashine. Hazikupitia disketi kubwa za inchi 8 ambazo IBM ilizitoa mwaka 1971, na chache tu ndizo zilizotumia zile laini za inchi 5.25 zilizoanza mwaka 1976. Kompyuta zilizopanda hadi Kigoma zilikuja na draivu ya inchi 3.5, aina iliyobuniwa na Sony mwaka 1981 na kufikia ujazo wa MB 1.44 mwaka 1987.

Nyingine zilifika zikiwa tayari zimetumika Ulaya au Marekani, na ziliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya wenzao kutupwa huko zilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakfu wa Global Catalyst wa Marekani ulisaidia kufikisha intaneti Kasulu, katika chuo cha ualimu na katika kambi ya Mtabila. Hata hapo disketi haikustaafu mara moja, kwa sababu si kila kompyuta iliunganishwa, na si kila ofisi ilimudu mashine ya kuchoma CD.

Wala si Kigoma peke yake iliyong'ang'ania. Jeshi la Marekani lilitumia disketi za inchi 8 katika mfumo wa mawasiliano ya silaha zake za nyuklia hadi mwaka 2019. Sony ilisimamisha mauzo ya disketi Machi 2011, na serikali ya Japani ilifuta kanuni zilizodai nyaraka kwenye disketi katikati ya mwaka 2024 tu. Treni za chini ya ardhi za San Francisco ziliendelea kuongozwa na mfumo wa mwaka 1998 unaowashwa kwa disketi za inchi 5.25.

Kinachotokea ndani ya draivu

Ndani ya ganda la disketi kuna duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa sumaku. Mota huizungusha mara 300 kwa dakika. Vichwa viwili vya kusomea, kimoja juu na kimoja chini, vinatembea kuelekea katikati na kurudi nje kwa hatua ndogo sana. Kila upande una njia 80 za mviringo, kila njia imegawanywa sekta 18, na kila sekta inabeba baiti 512. Zidisha yote hayo kwa pande mbili, unapata zile 1,474,560.

Umbali kati ya njia moja na nyingine ni kama moja ya tano ya milimita. Kichwa kikikosea kwa nusu ya hapo, kinasoma mpaka kati ya njia mbili na kuleta fujo tupu.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba vichwa hivyo vinaigusa disketi, kama sindano ya gramafoni inavyoigusa santuri. Kwenye diski kuu ya kompyuta, kichwa huelea hewani bila kugusa kitu. Kwenye flopi kinasugua. Punje ya vumbi au doa la kuvu lililoganda kwenye kichwa litachora mstari kwenye disketi, na mstari huo unaondoa unga wa sumaku pamoja na kilichoandikwa juu yake. Uchafu ule ule ukibaki kwenye kichwa, utaichora na disketi inayofuata.

Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kazi hii haihusu bisibisi. Disketi yenye kumbukumbu muhimu haiingizwi kwenye draivu isiyoaminika. Majaribio yote hufanywa kwa disketi isiyo na thamani, na ile ya thamani husubiri hadi draivu ithibitike.

Kuanzia nje

Fundi mzoefu huanza na vitu visivyohitaji kufungua draivu, na hapo hapo anaumaliza ugonjwa mara nyingi.

Umeme ndio wa kwanza. Hadi mwaka 2022 Kasulu na Kibondo zilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, zikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na kabla ya hapo ofisi nyingi na misheni zilikuwa na jenereta zao. Mashine iliyoishi miaka mingi kwenye umeme unaopanda na kushuka huwa na pawa saplai iliyochoka. Draivu ya inchi 3.5 inahitaji volti 5, na kwa kawaida kiwango kinachokubalika ni kati ya 4.75 na 5.25. Fundi anaweka ncha za mita kwenye plagi ndogo ya nyaya nne inayoingia nyuma ya draivu: nyeusi kwa nyeusi, nyekundu kwa nyekundu. Mita ikisoma 4.9 wakati draivu imetulia kisha ikashuka hadi 4.5 mota inapoanza kuzunguka, draivu haina kosa. Pawa saplai ndiyo inayotakiwa kubadilishwa. Kuifungua pawa saplai yenyewe ni kazi ya mtu aliyesomea, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Cha pili ni kebo. Kwenye kompyuta za kawaida ni utepe mpana wa kijivu wenye nyaya 34, na ukingoni kuna mstari mwekundu unaoonyesha waya namba moja. Kebo ikichomekwa kinyume, draivu inatoa dalili ambayo haifanani na nyingine: taa yake inawaka muda wote tangu mashine inapowashwa na haizimiki. Ukiona hivyo, zima, geuza kebo, washa tena. Karibu na mwisho wa utepe, nyaya saba, kuanzia ya 10 hadi ya 16, zimekatwa na kupinduliwa. Draivu iliyofungwa baada ya pindo hilo ndiyo A. Iliyofungwa kabla yake ni B. Aliyesafisha kompyuta na kurudisha plagi ya katikati badala ya ya mwisho amejitengenezea hitilafu mwenyewe.

Cha tatu ni betri. Kwenye ubao mkuu kuna betri ya mviringo inayotunza saa na mipangilio. Ikiisha, kompyuta husahau tarehe, na nyingine husahau pia kwamba zina draivu ya flopi au ni ya ujazo gani. Dalili yake ni saa inayorudi mwaka uleule kila unapowasha. Betri mpya, kisha kuingia kwenye mipangilio na kuchagua inchi 3.5 na ujazo wa 1.44, kunaweza kuifufua draivu ambayo watu walikwisha kuilia.

Kuna hitilafu moja ya kebo inayostahili tahadhari ya pekee. Waya wa 34 ndio unaoiambia kompyuta kwamba disketi imebadilishwa. Ukikatika au ukilegea, kompyuta huendelea kuonyesha orodha ya mafaili ya disketi iliyotangulia hata baada ya nyingine kuingizwa. Mtu akihifadhi kitu wakati huo, kompyuta inaandika ramani ya disketi ya kwanza juu ya disketi ya pili na kuiharibu. Draivu ikionyesha orodha usiyoitarajia, usiandike chochote.

Kufungua draivu

Umeme ukiwa sawa, kebo sawa, mipangilio sawa, na bado disketi ya majaribio haisomeki, ndipo bisibisi inapotoka. Mashine huchomolewa kabisa, na fundi hugusa bati la kompyuta kwanza ili umeme tuli wa mwilini usiruke kwenye vipuli.

Kifuniko cha juu cha draivu hushikwa na skrubu mbili au vibanio vya pembeni. Kikiondoka, draivu iliyokaa nyanda za juu kwa miaka ishirini inajieleza yenyewe. Kwenye kona kuna vumbi jekundu la kiangazi, lile la barabara za udongo, lililochanganyika na nyuzi za nguo na mabawa ya wadudu. Katikati kuna parafujo ndefu nyembamba yenye mizunguko kama ya skrubu. Hiyo ndiyo inayosukuma vichwa mbele na nyuma. Grisi iliyokuwa nyeupe juu yake imegeuka rangi ya asali na kuwa ngumu. Fundi akiizungusha parafujo kwa kidole taratibu, kibebeo cha vichwa kinapaswa kuteleza bila kukwama. Kikikwama sehemu moja, jibu limepatikana: mota yake ndogo haina nguvu ya kupenya grisi iliyoganda, kwa hiyo kichwa hakifiki kwenye njia kinayotumwa.

Grisi kuukuu hufutwa kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, kisha hupakwa mpya kidogo sana, grisi nyeupe nyepesi, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Mafuta ya kula huganda, na mafuta mepesi ya kupulizia huchuruzika hadi kwenye vichwa.

Vichwa vyenyewe husafishwa kwa kijiti cha pamba kilicholowekwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kupaka vidonda haifai, kwa kuwa nyingi huongezwa mafuta au rangi inayobaki kama utando. Petroli na asetoni huyeyusha plastiki. Kijiti hupitishwa kwa upole juu ya kichwa cha chini, ambacho ni kipande kidogo cheupe au cheusi kinachong'aa katikati ya kibebeo. Kichwa cha juu kimeshikwa na bati jembamba la springi. Kinainuliwa kidogo tu, kwa kiasi cha kupenyeza pamba. Kikiinuliwa sana springi hiyo hupinda, vichwa viwili vinaachana, na hakuna fundi wa mtaani atakayevirudisha mahali pake. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, huo ni unga wa sumaku ulionyofolewa kwenye disketi za zamani. Usafi unarudiwa hadi pamba itoke nyeupe, kisha draivu huachwa ikauke.

Mwisho kuna vihisi. Kimoja kipo mwisho wa safari ya vichwa, na kazi yake ni kuitambulisha njia ya kwanza kabisa kwa kutumia mwali mdogo wa mwanga. Vumbi likiuziba, draivu haijui ilipo, na inapowashwa hugonga tak-tak-tak ikitafuta mwanzo wake. Kupuliza kwa pampu ndogo ya mpira kunatosha. Kupuliza kwa mdomo kunaleta mate.

Woksteshini ina tabia zake

Mambo hayo yote yanahusu kompyuta za kawaida. Woksteshini, zile mashine za nguvu zilizotumiwa na wachora ramani, watafiti na vyuo vikuu, zina tabia nyingine, na anayezikaribia kama kompyuta ya nyumbani atadhani zimeharibika wakati ziko sawa.

Mfano unaojulikana zaidi ni SPARCstation za kampuni ya Sun, zilizoanza kuuzwa mwaka 1989, masanduku bapa ya kijivu yanayokaa chini ya skrini. Draivu yake ya flopi haina batani ya kutoa disketi. Disketi hutolewa kwa amri inayoandikwa kwenye kompyuta, eject, na mota iliyo ndani ndiyo inayoisukuma. Mtu asiyejua hutafuta batani, haioni, huchukua koleo na kuvuta. Bati la disketi hunasa kwenye kichwa cha juu, na draivu nzima inakufa siku hiyo. Mashine ikigoma kuitoa, au ikiwa imezimwa, kando ya mdomo wa draivu kuna tundu dogo ambalo waya wa kubania karatasi ulionyooshwa unaingia. Unasukumwa moja kwa moja, na disketi inachomoza.

Pia mashine hizo hazitambui zenyewe kwamba disketi imeingizwa. Kwenye mfumo wa Solaris mtumiaji huandika volcheck, na hapo ndipo kompyuta inakwenda kuangalia na kuifungua disketi kwenye folda ya /floppy. Anayesukuma disketi na kungoja dirisha lifunguke atangoja sana.

Sun iliweka pia kipimo ndani ya mashine yenyewe. Kabla mfumo haujaanza, kwenye alama ya ok, mtu huingiza disketi nzuri iliyofomatiwa na kuandika test floppy. Mashine inaijaribu draivu bila kuhusisha diski kuu wala mfumo wa uendeshaji. Ikifaulu hapo na ikashindwa baadaye, tatizo liko kwenye programu, si kwenye chuma. Kipimo hicho kimoja huokoa saa nyingi za kufungua skrubu bure.

Kubadilisha draivu ya woksteshini si sawa na kubadilisha ya kompyuta ya mezani. Ile ya kawaida inayopatikana kwenye maduka ya vifaa chakavu ina batani na mpangilio tofauti, kwa hiyo haiingii mahali pa ile ya Sun bila marekebisho. Ni sababu nyingine ya kuitunza iliyopo.

Disketi nayo ina siri yake

Draivu ikithibitika kuwa nzima, zamu ya disketi inafika, nayo inakaguliwa kwa macho kwanza.

Kuna kidirisha kidogo kwenye kona chenye kipande cha plastiki kinachoteleza. Tundu likiwa wazi, disketi haiwezi kuandikwa. Likiwa limezibwa, inaweza. Disketi yoyote ya zamani huwekwa tundu wazi kabla ya kuingia kwenye mashine yoyote. Tundu la pili, upande wa pili, linaonyesha ujazo mkubwa wa 1.44. Disketi zisizo nalo ni za ujazo mdogo wa KB 720. Zamani, kwa kubana matumizi, watu walizitoboa hizo ndogo ili mashine izichukulie kuwa kubwa. Zilifanya kazi wiki kadhaa, kisha zikaanza kupoteza data, kwa sababu unga wake wa sumaku ni wa aina nyingine.

Baada ya hapo kifuniko cha bati husogezwa kwa kidole, na kitovu cha chuma kilicho nyuma huzungushwa polepole chini ya taa. Uso unatakiwa kuwa mweusi au wa kahawia, laini, bila madoa. Mvua za Kigoma huanza karibu Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, na miezi hiyo ya unyevu ndani ya kabati la mbao inatosha kuotesha kuvu. Madoa meupe au ya kijivu kama unga ni alama ya kusimama. Disketi hiyo ikiingizwa, itaharibika yenyewe na kukiachia kichwa uchafu. Wataalamu wa nyaraka hulifungua ganda, hulitoa duara, huliosha kwa maji safi yaliyochujwa yenye tone la sabuni, hulikausha kwa hewa, kisha hulivisha ganda jipya kwa muda wa kunakili tu.

Kuna disketi zinazosomeka kwenye kompyuta moja pekee duniani, ile iliyoziandika. Hii hutokea pale vichwa vya draivu hiyo vilipokuwa vimehama kidogo kutoka mstari wake. Iliandika njia zake pembeni kidogo na kuzisoma pembeni vilevile, lakini draivu nyingine zote zinapita katikati na hazioni kitu. Katika hali kama hiyo, draivu mbovu ndiyo ufunguo pekee. Ikishatupwa, hakuna nyingine itakayoyasoma maandishi hayo kwa urahisi.

Usikubali kufomati

Hatari kubwa kuliko zote inakuja kwa sauti ya upole. Disketi iliyoandikwa kwenye woksteshini ikiingizwa kwenye kompyuta ya Windows, mashine huuliza kama mtumiaji angependa kuifomati, kwa kuwa haijafomatiwa. Jibu ni hapana. Windows inatambua mpangilio wake tu. Watumiaji wa Unix, familia ya mifumo ya woksteshini hizo, mara nyingi waliandika mafaili moja kwa moja kwenye disketi kwa programu ya tar, bila mfumo wa mafaili kabisa, au kwa mfumo wa Sun wenyewe. Disketi ya aina hiyo ni nzima kabisa, na kubonyeza ndiyo kunaifuta.

Njia salama ni kunakili disketi nzima, baiti kwa baiti, kabla ya kutafuta kilicho ndani. Kompyuta yenye Linux inatosha. Programu ya ddrescue husoma sekta zilizo rahisi kwanza, kisha hurudi kwenye zilizogoma mara kadhaa, na huandika kumbukumbu ya sehemu zilizokosekana. Kazi ikiisha, faili linalotoka linapaswa kuwa na baiti 1,474,560 kamili kwa disketi ya ujazo mkubwa. Pungufu ya hapo, kuna sehemu imekosekana. Faili hilo ndilo linalofunguliwa, linalojaribiwa kwa tar, linalochunguzwa, na disketi yenyewe hairudi tena kwenye draivu.

Draivu za flopi za USB zinazouzwa mtandaoni zinafaa kwa kazi nyepesi, lakini nyingi husoma disketi za kompyuta za kawaida tu. Hazisomi disketi kongwe za Macintosh za KB 400 na 800, ambazo ziliandikwa kwa mwendo unaobadilika. Kwa disketi ngumu kuna kifaa kidogo kiitwacho Greaseweazle, kinachounganisha draivu ya zamani na USB na kunakili mabadiliko yenyewe ya sumaku, ili programu iyatafsiri baadaye.

Nani aruhusiwe kuishika

Disketi ikikubali kusomeka, suala linatoka kwenye meza ya fundi. Orodha ya wakimbizi ina majina ya watu waliokimbia kwa kuhofia maisha yao. Daftari la zahanati lina magonjwa ya watu ambao bado wanaishi kijijini, na watoto wao wanasoma shule moja na watoto wa fundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za namna hii hata zikiwa kwenye plastiki ya zamani. Mwenye ofisi anaweza kumpa fundi draivu na disketi ya majaribio, aitengeneze hapo hapo, kisha kunakili disketi halisi kufanywe na mtu mwenye dhamana ya taarifa hizo, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti.

Nakala zikishapatikana, zinawekwa mbili, mahali tofauti, na kila moja inaandikwa tarehe, jina la disketi iliyotoka na sekta zilizokosekana kama zipo. Ofisi za umma zina wajibu wa ziada. Chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Namba 3 ya mwaka 2002, kumbukumbu ya ofisi ya umma ni kumbukumbu bila kujali imeandikwa kwenye karatasi au kwenye sumaku. Wilaya ya Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, na Kakonko kutoka Kibondo mwaka huo huo. Kumbukumbu za Munanila, ambayo sasa iko Buhigwe, za miaka ya 1990 ziliandikwa ikiwa bado chini ya Kasulu, kwa hiyo anayezitafuta aanze kuuliza Kasulu. Akikuta kabati lenye boksi la disketi limepangwa kuteketezwa pamoja na kompyuta chakavu, mahali pa kuuliza kabla moto haujawashwa ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.